Vyoo Vilivyopotea Kwenye Skrini Kule Msangeni

Nilistaafu kuuza na kufunga kompyuta mjini Same, lakini simu yangu haijastaafu. Inaita asubuhi nikiwa napalilia mchicha, na mtu wa upande wa pili hataji hata jina.

"Shikamoo Mama Monita. Kioo ni cheusi."

Namwitikia marahaba, kisha namuuliza kama amekiwasha. Halafu nasikia kitufe kinabonyezwa, tii, na mtu ananishukuru kana kwamba nimemfufulia ng'ombe.

Ninyi vijana mlioingia kazi hii juzi mnanicheka, najua. Mna video za kuwafundisha kila kitu. Lakini hakuna video inayomuonyesha mtu mzima na akili zake akipeleka skrini isiyofaa mbele ya kamati nzima, kisha mteja wake akadhaniwa mwizi. Hiyo nitawasimulia mimi. Ngojeni kwanza niwaambie nilijifunzia wapi.

Nilifundishwa na Mzee Hamisi, mwenye duka karibu na stendi. Kabla ya kompyuta aliuza vitambaa na redio, na kompyuta nazo aliziuza vilevile kama vitambaa: lazima ajue kwanza unakwenda kushona nini. Mteja akiingia na kusema anataka mashine kubwa, yenye nguvu, ya kazi, Mzee alimkalisha kwenye stuli mbele ya meza tupu.

"Nionyeshe kazi yako. Mikono iende."

Watu walidhani anatania. Alikuwa hatanii. Mama mmoja wa stesheneri alichapa hewani, akakunja karatasi hewani, akabana pini hewani, na kila baada ya muda mfupi alipiga kitu ngumi kwa upande.

"Hicho unachopiga ni nini?" Mzee akauliza.

"Printa."

"Basi wewe huhitaji kompyuta. Unahitaji printa."

Akamuuzia printa, na yule mama hakupiga tena kitu ngumi. Siku nyingine alikuja bwana mmoja aliyevaa suti, anataka kompyuta ya mezani iliyo ghali kuliko zote kwa ajili ya ofisi. Akakalishwa kwenye stuli. Akaanza kubonyeza kidole kimoja polepole, anatabasamu, anabonyeza, anasikitika, anabonyeza tena. Mzee Hamisi alimtazama kitambo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu anacheza karata. Mpe ile ndogo."

Hilo lichukueni hivyohivyo. Mteja asiwaambie anataka mashine gani. Awaonyeshe anafanya nini kutwa. Anayechora ramani za nyumba anahitaji eneo pana la kutazama na maandishi yasiyokwaruza macho. Wa picha anahitaji rangi za kweli. Wa kuandika barua anahitaji skrini isiyomvunja shingo, yaani ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho yake, hata kama itabidi muiwekee tofali chini. Nimeweka matofali mengi chini ya skrini Same hii. Mengine yako huko hadi leo.

Kuhusu rangi, muulizeni Shabani. Alikuwa na studio ya picha za harusi pale mjini, na siku moja alikuja dukani anakimbia, ameshika bahasha.

"Mama Monita, nimekwisha. Familia ya bibi harusi iko studio inanisubiri."

Nikafungua bahasha. Bwana harusi alikuwa mwekundu kama nyanya iliyopitiliza. Bibi harusi alikuwa mwekundu. Keki nyeupe ilikuwa nyekundu. Shehe aliyefungisha ndoa alionekana kama mtu aliyekaa ndani ya tanuri.

"Shabani, umewafanya nini watu hawa?"

"Mimi? Kwenye skrini walikuwa kijani! Wote! Nimehangaika siku tatu kuwaongezea wekundu mpaka wakakaa sawa!"

Nikaenda naye. Wakati ule nyaya za skrini zilikuwa na kichwa kipana chenye skrubu mbili pembeni, na vijana wengi walikuwa wavivu wa kuzikaza. Wa Shabani ulikuwa unaning'inia. Pini inayopeleka rangi nyekundu haikuwa inagusa kitu, kwa hiyo skrini ilikosa wekundu, na yeye akaumwaga kwenye picha kwa ndoo. Nilikaza skrubu kwa ukucha wa dole gumba, na palepale kwenye skrini ile harusi nzima ikawaka moto. Shabani akashika kichwa. Mama wa bibi harusi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa hawa ndio wale waliokuwa kijani?"

Picha zilisafishwa upya, zikatoka nzuri. Ila nawaomba, mtu akilalamika rangi, shikeni waya kabla ya kushika kitu kingine chochote.

Na mkishamaliza waya, tazameni matundu. Nyuma ya kompyuta kubwa ya mezani kuna matundu ya picha ya aina mbili: yaliyo pamoja na ya kibodi na spika, na yaliyo peke yao chini kidogo, kwenye kadi ya picha, kile kifaa kinachoongezwa ndani ya kompyuta kwa kazi nzito za picha. Aliyelipia kadi ya picha anapaswa kuchomeka kwenye kadi. Mara nyingi akichomeka kule kwingine, skrini inabaki nyeusi na maandishi ya No Signal, yaani hakuna picha inayofika, yanatembea huku na huku kama mbuzi aliyekata kamba. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua kompyuta nzima, nikaipangusa vumbi, nikaifunga, nikaifungua tena, kisha Mzee Hamisi akaja na kikombe chake cha kahawa, akauchomoa waya juu, akauchomeka chini, akaendelea na safari yake. Siku hizi mna hata matundu madogo yanayofanana na ya chaja ya simu. Mengine yanapitisha picha, mengine hayapitishi, na kwa macho yanafanana kama mapacha. Usimuahidi mteja kabla hujajaribu kwa waya wake na skrini yake.

Kujaribu. Hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Kulikuwa na mchoraji wa majengo kutoka Msangeni, huko milimani Ugweno, kijana mpole aitwaye Elirehema. Alikuja dukani akiwa na habari njema. Shule moja ya sekondari kule juu ilitaka kujenga bweni la wasichana, kwa sababu mabinti walikuwa wanapanda na kushuka milima kila siku, na mvua ikinyesha wengine hawafiki kabisa. Kamati ya ujenzi ilimpa Elirehema nafasi ya kuchora. Ikiupenda mchoro wake, kazi ni yake. Isipoupenda, watamtafuta mhandisi mmoja wa Moshi, na ujenzi utasubiri mwaka mwingine.

"Nataka skrini mbili, Mama," akaniambia. "Moja ya kuchorea mimi, nyingine kubwa ya kuwaonyesha wazee."

Wakati huo Mzee Hamisi alikuwa ameshapumzika nyumbani, duka liko mikononi mwangu, na mimi najiona nimeiva. Tulikuwa na monita kubwa nzuri, skrini ya kompyuta hasa, kwenye rafu. Lakini ukutani kulikuwa na runinga, kubwa zaidi, inang'aa, na nilikuwa nimeichoka.

"Chukua hii runinga," nikamwambia. "Skrini ni skrini."

Msinitazame hivyo. Nilisema.

Sikuijaribu na mchoro wake. Niliichomeka, nikaona picha ya maua ya kompyuta imetokea, nikaridhika. Asubuhi ya kikao tulipakia vitu vyote kwenye pikapu, tukapitia Mwanga, tukaanza kupanda. Njia ile mnaijua: kona, mgomba, kona, bodaboda inakuja na mikungu mitatu ya ndizi, kona. Runinga niliipakata mimi mwenyewe, nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Rimoti yake niliiacha dukani Same juu ya kaunta, kwa sababu nilijiuliza, rimoti ya nini? Hatuendi kutazama taarifa ya habari.

Kikao kilikuwa kwenye darasa. Kamati ilikuwa na watu tisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Eliakimu, mkulima wa kahawa, mtu aliyenyooka ambaye akikusalimia unajisikia kama unakaguliwa. Pembeni yake alikaa Mama Anaeli, mwakilishi wa wazazi, mwenye binti kidato cha pili. Runinga tuliielekeza kwao. Monita ndogo, ile ya kuchorea, tuliielekeza kwa Elirehema, aliyekaa mezani akiwatazama wazee. Kumbukeni ukaaji huo: wao wanatazama skrini moja, yeye anatazama nyingine.

Elirehema aliugeuza mchoro wake kuwa picha zinazojaza skrini nzima, ukingo hadi ukingo. Akaanza vizuri sana. Akaonyesha lango, veranda, vyumba vya vitanda. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Kisha akasema:

"Na huku mwisho, kama mnavyoona wenyewe, ni vyoo na mabafu."

Shingo zikanyooshwa.

"Wapi?" akauliza Mama Anaeli.

"Hapo mwisho, Mama. Upande wa kulia."

"Upande wa kulia kuna ukuta."

"Baada ya ukuta."

"Baada ya ukuta runinga imekwisha."

Watu wakacheka kidogo. Elirehema hakucheka, kwa sababu kwenye monita yake vyoo vilikuwepo, vimepangwa vizuri, kila kimoja na mlango wake. "Vyoo hivi hapa!" akasema akivigusa kwa kidole. Mzee mmoja mnene akainuka, akaikaribia runinga, akachungulia pembeni yake, nyuma kwenye nyaya, kana kwamba vyoo vimejificha huko. Akarudi kukaa. "Hakuna," akatoa taarifa.

"Mabinti themanini," Mama Anaeli akasema, sauti ikipanda, "na hakuna choo hata kimoja? Mwanangu aende wapi, kwenye migomba?"

"Vipo, Mama! Njooni mvione huku!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kamati nzima ikainuka, ikazunguka meza, ikajazana nyuma ya Elirehema. Wakaviona vyoo. Wakarudi kwenye runinga. Hakuna vyoo. Wakaenda tena kwenye monita. Vipo. Mzee mnene alikwenda na kurudi mara nne, mpaka akaanza kuhema. Mwishowe Mzee Eliakimu akasimama katikati ya darasa, akauliza.

"Kijana, kompyuta ni moja. Michoro kwa nini ni miwili?"

"Ni mmoja, Mzee."

"Wa kwetu hauna vyoo. Wako una vyoo. Sisi tukiupitisha huu, wewe utajenga upi? Na vifaa vya vyoo vitakwenda kujenga nyumba ya nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Kule kwetu mtu akishaitwa mwizi mbele ya watu tisa, kufika jioni Ugweno yote imeshasikia, na hakuna atakayempa hata banda la kuku kuchora.

Nitawaambia kweli. Wazo la kwanza kunijia lilikuwa kusingizia umeme. Umeme husingiziwa mengi na haujawahi kujitetea. Lakini nilikuwa nimeshatambua kilichotokea, maana niliona kwamba juu napo kipande cha kichwa cha habari kimekatwa, na kushoto nusu ya lango haipo. Runinga ilikuwa inaivuta picha kidogo na kuzikata kingo zake, pande zote nne. Runinga nyingi zina tabia hiyo. Ukitazama mpira huoni hasara, unakosa majani tu. Ukitazama mchoro, unakosa vyoo.

Nikasimama. "Mzee Eliakimu, mchoro hauna kosa. Kosa ni la aliyemuuzia kijana huyu runinga badala ya monita, akamwambia skrini ni skrini. Ni mimi. Runinga imevikata vyoo."

"Runinga imekata vyoo," akarudia polepole, kama hakimu anayeandika.

"Ndiyo, Mzee."

"Thibitisha."

Kuthibitisha kulihitaji kuingia kwenye menyu ya runinga na kuiambia ionyeshe picha nzima. Menyu inafunguliwa na rimoti. Nikaeleza hivyo. Wakaniuliza rimoti iko wapi. Nikawaambia iko Same. Yule mzee mnene akacheka mpaka akakohoa. Baadaye sana nilijifunza kwamba hata kompyuta yenyewe ningeweza kuiambia iipunguze picha, lakini siku ile sikulijua hilo, na simu zetu hazikuwa za kugeuka rimoti.

Mama Anaeli akaikazia macho nembo ya runinga. "Nyumbani tunayo kama hii hii. Hata rimoti itakuwa ni moja." Akapiga simu. "Baba Anaeli, mpe bodaboda rimoti ailete shuleni. Sasa hivi." Akasikiliza. "Najua kuna mpira." Akasikiliza tena. "Baba Anaeli, kuna suala la vyoo hapa." Akakata simu, akatuambia, "Anakataa kuitoa. Anakuja nayo mwenyewe."

Tukasubiri. Elirehema alikaa ameinamisha kichwa. Nilimsogelea nikamwomba radhi, akasema tu, "Sawa, Mama," na hiyo sawa iliniuma kuliko matusi.

Baba Anaeli akafika kwa bodaboda, amevaa jezi, rimoti ameishika kifuani kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono kuipokea. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nitabonyeza mimi. Niambie wapi."

"Bonyeza menyu."

Akabonyeza. Runinga ikaitikia! Darasa zima likashusha pumzi. "Sasa nenda chini. Chini. Hapo umepita. Rudi juu."

"Usinikimbize."

"Hapo. Ingia kwenye picha. Sasa tafuta ukubwa wa picha."

Akabonyeza kitu, runinga ikahamia lugha nyingine, herufi kama njia za mchwa. Mama Anaeli akamwambia, "Baba Anaeli, nitakupokonya." Akabonyeza kingine, sauti ikapanda mpaka mwisho, ingawa hakukuwa na cha kusikika. Ikabidi nisahau kusoma, niongoze kwa michoro midogo ya menyu: ile ya mstatili, ndani yake, mstari wa pili, mshale wa kulia mara moja. Akabonyeza.

Picha ikashtuka. Ikarudi ndani kidogo kutoka kila upande, taratibu. Lango likatimia. Kichwa cha habari kikasomeka chote. Na kule kulia, mmoja baada ya mwingine, vikatokea vyoo.

Darasa lililipuka makofi. Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia vyoo namna ile. Baba Anaeli aliinua rimoti juu kama kombe. Mzee Eliakimu akaenda kwenye monita, akahesabu; akaja kwenye runinga, akahesabu; kisha akamkabili Elirehema na kumpa mkono mbele ya wote. "Nilikukosea, kijana wangu. Unisamehe." Elirehema akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, na nikaona macho yake yanalengalenga.

Lakini Mama Anaeli hakuwa amepiga makofi. Alikuwa bado anahesabu.

"Vinne," akasema. "Mabinti themanini, vyoo vinne? Mnajua asubuhi itakuwaje?"

Hakika hakuna mwanamume pale aliyekuwa amewahi kuliwaza hilo, na kama vyoo visingepotea, vingepita kimyakimya kwenye ukurasa wa mwisho. Elirehema akafungua mchoro wenyewe, akaanza kuongeza palepale, kamati nzima ikimwelekeza kwenye runinga, sogeza, geuza, usiweke mlango unaotazama jiko. Waliondoka na vyoo kumi, na Elirehema akaondoka na kazi. Wiki ileile nilimpelekea ile monita kubwa ya kwenye rafu, runinga nikairudisha ukutani kwangu, na tangu siku hiyo sijauza skrini bila kumwambia mteja alete kazi yake mwenyewe tuitazame kwanza, kona zote nne.

Bweni lilijengwa. Siku ya kulifungua nilialikwa. Mgeni rasmi alikuja na viatu vinavyong'aa, utepe umefungwa mlangoni, mkasi uko kwenye sinia. Mzee Eliakimu akamshika mkono, akaupita utepe, akampeleka nyuma moja kwa moja. Msafara wote ukafuata, kwaya nayo. Akaanza kugonga milango kwa fimbo yake na kuhesabu kwa sauti.

"Kimoja. Viwili. Vitatu."

Mgeni rasmi alikuwa hajui acheke au aandike. Elirehema alisimama kando na shati lake jipya, midomo inamtembea, anahesabu naye. Saba. Vinane. Tisa. Mzee akafika mlango wa mwisho, akagonga.

"Kuna mtu!" ikajibu sauti ya binti kutoka ndani.

Mzee Eliakimu akageuka kwa mgeni rasmi, uso wake hauna hata chembe ya mzaha.

"Kumi," akasema. "Na kama unavyosikia, vimeanza kazi."